Ufahamu na Ufupisho: Kifungu cha Mambo Usiyowahi Kuyaona

Mtahiniwa wa Kongwa au Manyoni anaweza kufungua karatasi ya Kiswahili na kukuta kifungu kinachozungumzia jahazi. Hajawahi kuona bahari. Chombo pekee alichokiona majini pengine ni mtumbwi wa wavuvi wa Bwawa la Mtera. Anasoma sentensi tatu, anakutana na maneno manne mageni, anaingiwa na hofu, kisha anaanza kubahatisha. Alama zinapotea hapo, na zinapotea kwa hofu kuliko kwa kutojua.

Swali la ufahamu halipimi kama umewahi kufika Pwani. Linapima kama unaweza kusoma maneno ya mwandishi na kuyatoa majibu humo humo. Kila jibu limo ndani ya kifungu, ama limeandikwa wazi ama limefichwa nyuma ya sababu mbili tatu ambazo ni lazima uziunganishe mwenyewe. Kwa ajili hiyo nimetunga kifungu cha makusudi, chenye maneno ya mabaharia na mafundi. Kisome mara mbili. Mara ya kwanza usisimame popote, hata ukikutana na neno usilolijua. Mara ya pili shika penseli.

KIFUNGU

Jahazi kuukuu lilikuwa limeegemezwa kwa magogo katika mchanga wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Lilipandishwa ufukoni kwa maji ya bamvua, na maji yalipopwa likabaki pakavu. Mwenye chombo alikuwa na haraka. Bamvua jingine lingekuja baada ya wiki mbili hivi; likimpita kabla kazi haijakwisha, jahazi lingebaki mchangani na shehena yake ingeendelea kulala ghalani.

Mlingoti wenyewe ulikuwa mzima. Kilichopasuka ni boriti nene iliyolazwa juu ya mkuku, ambayo katikati yake kuna tundu la mraba la kupokea kitako cha mlingoti. Kwa miaka mingi maji ya mvua yalikuwa yakiteremka kwenye mlingoti na kutuama tunduni, na mti ukaoza taratibu bila mtu kuona. Isitoshe, tundu hilo hubeba mzigo mkubwa. Mlingoti hupita katika ubao uliokingama juu yake, na ubao huo huushika kama mkono unavyoshika mtaimbo. Upepo unaposukuma tanga mbele, kitako huko chini hutaka kurudi nyuma. Boriti iliyooza haikuweza tena kukizuia, ikapasuka kufuata nyuzi za mti.

Mabaharia walishusha foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga, kisha wakaung'oa mlingoti. Nahodha alitaka wapigilie misumari mirefu katika ufa ili kazi iishe siku hiyo hiyo. Fundi alikataa. "Msumari ndani ya ufa ni kabari," alisema. "Haufungi, unapasua." Alichokonoa kwa patasi mpaka akafikia mti mgumu, akakata sehemu yote iliyooza na kuupita mwisho wa ufa kwa dhiraa moja. Alichonga kwa tezo kipande cha mvule, akahakikisha nyuzi zake zinaelekea sawa na nyuzi za boriti. Hakuviunganisha vipande ncha kwa ncha; alivikata kwa mlazo ili vilaliane. Akatoboa kwa keekee, akapitisha bolti zilizopakwa zinki na kuzikaza. Chini ya tundu jipya alitoboa mfereji mwembamba wa kutolea maji, kisha boriti yote akaipaka sifa.

Mlingoti uliporudishwa, ulitikisika kidogo. Fundi akaukaza kwa kabari nne pale unapopita kwenye ubao wa juu. Kabla tanga halijafungwa, watu sita waliivuta henza na kuipandisha foromali tupu, huku fundi akiwa amelala kifudifudi ndani ya jahazi, macho yake kwenye kiungo kipya. Hakikufunguka. Siku ya kumi na tatu maji yakajaa, jahazi likaelea, na mabaharia wakatweka tanga.

MASWALI

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa maneno yasiyozidi matano.
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) kuukuu (b) bamvua (c) henza (d) wakatweka.
3. Taja sababu mbili zilizofanya boriti ipasuke.
4. Kwa nini fundi alitoboa mfereji chini ya tundu jipya?
5. Kwa nini foromali ilipandishwa bila tanga?
6. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyopungua 35 na yasiyozidi 40.

Jinsi ya kuyakamata maneno mageni

Usianze na neno, anza na sentensi nzima. Mwandishi mwema hukuachia alama za njia. Wakati mwingine hukupa maana waziwazi, kama alivyofanya kwa foromali: "yaani ule mti mrefu unaobeba tanga". Ukiona yaani, ambayo ni, au maelezo kati ya mikato miwili, piga mstari, maana hapo umepewa zawadi.

Neno henza halikufafanuliwa. Lakini tazama vitendo vinavyolizunguka: watu sita wanaivuta, na foromali inapanda. Kitu kinachovutwa ili kingine kipande juu ni kamba. Jibu lako, basi, ni "kamba ya kupandishia foromali na tanga". Kama umewahi kuwa zamu ya bendera shuleni umeshaifanya kazi hiyo: unavuta kamba chini, inapita kwenye kapi kileleni, bendera inapaa. Mlingoti wa bendera ulio mbele ya ofisi ya mkuu wa shule na mlingoti wa jahazi si majina yaliyofanana kwa bahati. Neno ni moja na kazi ni moja.

Bamvua nalo hujieleza. Lilipandisha chombo kizima ufukoni, na maji yalipopwa chombo kikabaki pakavu. Tena hurudi kila baada ya wiki mbili hivi. Ni maji makuu ya bahari, yale yanayojaa kupita siku nyingine. Hutokea karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, wakati mvuto wa jua na wa mwezi unapofanya kazi pamoja. Sehemu hii ya mwisho haimo kifunguni, kwa hiyo usiiandike katika jibu. Nimeitaja ili wewe wa Bahi, unayeishi mamia ya kilomita kutoka baharini, usidhani bamvua ni mafuriko ya mvua. Wako wanaoandika "mafuriko", na jibu hilo halipati kitu, kwa kuwa mafuriko hayana ratiba ya wiki mbili.

Neno tweka lina mtego mwingine. Tweka ni kuinua na kupandisha juu, kama tanga au bendera. Twika ni kumwekea mtu mzigo kichwani. Binti aliye kisimani humwambia mwenzake "nitwike ndoo". Irabu moja inabadili kitenzi. Lakini yote mawili yana kinyume kimoja: tua. Tanga hutuliwa, na mzigo nao hutuliwa. Swali la kinyume cha neno huletwa mara nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani.

Kuhusu kuukuu, maana yake ni "-a zamani, iliyotumika sana na kuchakaa". Ukiandika "kubwa" kwa kuwa sauti inafanana na "kuu", umejibu kwa masikio badala ya macho. Ndani ya kifungu kuna mti uliooza kwa miaka mingi. Ukubwa wa jahazi haukutajwa popote.

Na hapa niseme jambo la sarufi linaloweza kukufaa katika sehemu nyingine ya karatasi hiyo hiyo. Maneno mengi ya baharini yamehamia nchi kavu. Usukani ulikuwa chombo cha kuongozea jahazi, leo kila dereva wa basi la Singida anaushika. Rubani alikuwa muongoza vyombo vya majini, leo huendesha ndege. Nahodha amekuwa kiongozi wa timu ya mpira, na timu yenyewe hufunga kati ya milingoti miwili ya goli. Ukiulizwa kuhusu njia za kuongeza msamiati wa Kiswahili, mifano hii ya kupanua maana ni mizuri kuliko ile ya "kupe" na "mkoko" ambayo kila mtu huiandika. Neno halikuundwa upya wala halikukopwa mara ya pili, limeongezewa kazi.

Majibu na namna yanavyosahihishwa

Swali la kwanza lina majibu mengi yanayokubalika. "Ukarabati wa jahazi kuukuu" ni kichwa kizuri. "Jahazi" peke yake ni finyu, halisemi lilifanyiwa nini. "Faida za usafiri wa majini" haihusiani kabisa. "Jinsi fundi alivyokarabati boriti ya mlingoti wa jahazi" ina maana sahihi lakini ina maneno manane, na masharti yalikuwa matano. Masharti ya idadi ni sehemu ya swali. Hesabu.

Swali la tatu linahitaji sababu mbili, nazo zimetenganishwa na neno "isitoshe". Kwanza, maji ya mvua yalituama tunduni na kuozesha mti. Pili, kitako cha mlingoti kiliisukuma boriti kwa nguvu kila upepo ulipopiga tanga. Mwanafunzi akiandika "maji yalituama" na "mti ulioza" ametaja sababu moja mara mbili, kwa sababu kutuama ndiko kulikoleta kuoza.

Wengi huikwepa sababu ya pili kwa kuwa hawakuielewa. Tuitazame kwa utulivu. Shika mtaimbo unaong'olea jiwe shambani: mkono wako uko mbali na egemeo, jiwe liko karibu nalo, ndiyo maana nguvu ndogo ya mkono hung'oa jiwe zito. Katika jahazi, egemeo ni ule ubao uliokingama. Chukua kwamba nguvu ya upepo inafanya kazi mita 6 juu ya ubao, na kitako kiko mita 1 chini yake. Nguvu ya newtoni 500 huko juu inakuwa newtoni 3,000 kwenye tundu, yaani mara sita, na kwa upande ulio kinyume. Hilo ni somo la Fizikia, na halikatazwi kukusaidia katika Kiswahili. Hesabu hiyo usiiandike kwenye jibu. Ifanye kichwani ili sentensi ya mwandishi ikukubali.

Swali la nne na la tano ni ya kufikiri. Jibu la swali la nne: ili maji yasituame tena na kuozesha boriti kama mwanzo. Kifungu hakikuandika "ili", kimetaja tu kwamba mfereji ni wa kutolea maji. Wewe ndiye unayerudi aya ya pili, ukaona maji yalivyoleta hasara, ukaunganisha. Jibu la swali la tano ni kwamba fundi alitaka kukijaribu kiungo kipya kwa uzito wa foromali kabla ya kuuongeza mzigo wa upepo. Dalili ni fundi aliyelala kifudifudi akikitazama kiungo. Mtu halali ndani ya jahazi bure.

Jibu baya la swali hilo ni "kwa sababu tanga lilikuwa halijafungwa". Ni kweli kwamba halikuwa limefungwa, lakini huko ni kulirudia swali kwa maneno mengine. Jipime hivi: kama jibu lako lingeweza kuandikwa na mtu aliyeliona swali tu bila kukisoma kifungu, lifute.

Ufupisho

Mimi huwashauri wanafunzi waandike ufupisho baada ya kujibu maswali mengine yote ya kifungu, hata kama umewekwa mwanzoni. Ukishajibu maswali umekwisha kujua nini ni mfupa na nini ni nyama.

Katika aya ya tatu, mfupa ni huu: mlingoti uling'olewa, misumari ilikataliwa, na sababu yake, sehemu mbovu ilikatwa, kipande kipya kiliungwa na kukazwa, boriti ilikingwa na maji. Majina ya zana, yaani patasi, tezo na keekee, yaache. Maneno ya fundi yaliyo katika alama za mtajo usiyanakili. Yageuze yawe taarifa. "Dhiraa moja" nayo iache, ingawa kwa fundi ndiyo siri ya kazi: ufa unaouona kwa macho huwa umetangulia ndani ya mti, na ukikata palipoishia macho yako utauacha mwanzo wa ufa mwingine. Ni jambo zuri, ila maneno 40 hayana nafasi ya kila jambo zuri.

Tazama mfano wa kwanza, ulioandikwa kwa mtindo ninaouona kila mwaka:

"Mabaharia walishusha foromali kisha wakaung'oa mlingoti. Nahodha alitaka wapigilie misumari mirefu katika ufa ili kazi iishe siku hiyo hiyo. Fundi alikataa. Alichokonoa kwa patasi mpaka akafikia mti mgumu, akakata sehemu yote iliyooza. Alichonga kipande cha mvule, akatoboa..."

Huyu hajafupisha, amenakili akiruka maneno. Idadi imemwishia kabla hajafika kwenye bolti, mfereji na sifa, kwa hiyo hoja za mwisho hazimo. Sasa tazama huu:

"Baada ya kung'oa mlingoti, fundi alikataa kupigilia misumari kwa kuwa ingepasua boriti zaidi. Alikata sehemu iliyooza, akaunga kipande cha mvule kwa mlazo na kukikaza kwa bolti. Kisha alitoboa mfereji wa kutolea maji na kupaka sifa ili boriti isioze tena."

Maneno 39. Hoja zote zimo, na kila sentensi ni ya mwandishi wa ufupisho mwenyewe. Umeona neno sifa? Ni mafuta ya samaki, hasa papa, ambayo mabaharia huyapaka mbao. Aliyeandika ufupisho huenda hakulijua, lakini kwa kuwa linapakwa kwenye mti alitambua kwamba ni kinga, akalitumia bila kulifafanua. Hivyo ndivyo unavyoweza kulipita neno gumu bila kujikwaa.

Usisahau kuandika idadi ya maneno mwishoni mwa ufupisho, kwenye mabano, na uwe mkweli. Msahihishaji anaweza kuhesabu.

ZOEZI LA KUJIPIMA

Sasa jaribu kifungu kilicho mbali zaidi, cha nchi ambako ziwa huganda likawa gumu kama sakafu. Muda wako ni dakika 25.

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, na katika nchi kama Uholanzi na Uswidi, watu hushindana kwa vyombo vya tanga vinavyoteleza juu ya barafu. Aina moja maarufu ilibuniwa mwaka 1937 katika karakana ya gazeti la Detroit News. Mwili wake ni mwembamba, una urefu wa karibu mita 3.7, na umekaa juu ya vyuma vitatu vyenye makali. Mlingoti, wenye urefu wa karibu mita 4.9, haukuchomekwa tunduni. Kitako chake hukaa juu ya tufe dogo la chuma ili uweze kugeuka upepo unapobadilika, na huzuiwa usianguke kwa waya tatu. Kwa kuwa barafu haina msuguano mkubwa, chombo hiki kinaweza kwenda kasi kuupita upepo unaokisukuma.

Chombo kikizeeka, ubaya huanzia pale kwenye tufe. Mtikisiko wa miaka mingi huchosha chuma, na ufa mwembamba kama unywele hujitokeza shingoni. Fundi asiyejali huufunika kwa kuchomelea juu juu, na kwa macho kazi huonekana nzuri. Fundi makini hukiondoa kifaa, akausaga ufa wote mpaka mwisho wake, ndipo akachomelea. Au akiona shingo imechoka sana hukitupa na kutengeneza kingine. Kisha hukagua waya. Waya zikilegea, hata tufe jipya halitasaidia kitu: mlingoti utaruka kutoka mahali pake na kumwangukia mwendeshaji.

Maswali

1. Andika kichwa cha habari kwa maneno yasiyozidi sita.
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) tufe (b) huchosha (c) juu juu.
3. Chombo hiki kinawezaje kwenda kasi kuliko upepo?
4. Taja tofauti moja kati ya kitako cha mlingoti huu na kile cha jahazi la Nungwi, kisha eleza faida ya mpangilio wa chombo cha barafu.
5. Ni kosa gani la fundi asiyejali linalofanana na pendekezo la nahodha katika kifungu cha kwanza? Eleza kufanana kwake.
6. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyopungua 30 na yasiyozidi 35.